Je, Wajua? Pua Yako Iko Wapi?

Je, wajua kwamba mtoto aliyezaliwa leo alfajiri katika wodi ya wazazi ya Kasulu au Kibondo anaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu? Huo ndio umbali kati ya titi na uso wa mama. Vilima vya Buha, migomba ya nje ya dirisha, hata bibi aliyesimama mlangoni na chupa ya uji, vyote kwake ni ukungu. Kinachoonekana ni uso wa anayemnyonyesha. Somo la macho, pua na mdomo linaanzia hapo, hata jina bado hajapewa.

Je, wajua kwamba uso unamvuta mtoto kabla dakika kumi hazijatimia tangu azaliwe? Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Goren, Sarty na Wu, waliwaonyesha vichanga wa takriban dakika 9 vibao vyenye umbo la kichwa. Kimoja kilichorwa macho juu, pua katikati, mdomo chini. Vingine viungo vyake vilivurugwa, na kingine kiliachwa kitupu. Kibao chenye uso uliopangika ndicho vichanga walichokifuata mbali zaidi, kwa macho na kwa kugeuza kichwa. Hakuna aliyewafundisha. Ukitaka kuliona nyumbani, chukua kipande cha boksi, chora uso kwa mkaa, kisha kipitishe polepole mbele ya mtoto akiwa macho na ameshiba.

Je, wajua kwamba kilemba cha mama kinaweza kumchanganya mtoto wa siku nne? Mwaka 1995 Olivier Pascalis na wenzake nchini Ufaransa waligundua kwamba watoto wa umri huo walimtazama mama yao muda mrefu kuliko mwanamke mgeni. Lakini wanawake wote wawili walipofungwa kitambaa kichwani, tofauti ikapotea. Mtoto mchanga humtambua mama kwa mstari wa nywele na umbo la nje la kichwa, siyo kwa pua wala macho. Baada ya wiki tano hivi anaanza kuzitambua alama za ndani ya uso wenyewe. Kwa hiyo mama unayerudi kutoka shambani umejifunga kitenge kichwani na mtoto akakuangalia kama mgeni, usihuzunike. Sema naye. Sauti yako aliijua tangu akiwa tumboni.

Tabasamu la kweli, lile la kumjibu mtu, huja kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Je, wajua kinachotokea uso wa mama ukigeuka sanamu? Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Mama anacheza na mtoto wake, kisha ghafla anaunyamazisha uso wake: hatabasamu, hajibu, hakunji ndita. Mtoto anajaribu kila njia kumrudisha. Anatabasamu, anapiga kelele, ananyoosha mikono, na akishindwa anageuza uso pembeni na kulia. Muda wenyewe ni dakika chache tu. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi uso wa sanamu tunao wengi majumbani, umeinamia simu huku mtoto yuko mapajani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huo ulihusu skrini anayoitazama mtoto. Ile anayoitazama mzazi nayo ina gharama yake.

Je, wajua kwamba mtoto wa miezi 6 anaweza kuwa tayari anajua neno "pua"? Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9, ambao hawajatamka neno hata moja, waligeuza macho kwenye picha ya chakula au kiungo cha mwili kilichotajwa. Wazazi wengi huanza kutaja viungo mtoto akishaanza kusema. Wamechelewa nusu mwaka. Anza wakati unamwosha uso: hii pua, hili shavu, hiki kidevu. Taja unapogusa, kiungo kimoja kimoja, bila haraka.

Na huo wakati wa kuosha uso ndio darasa bora kuliko yote, kwa sababu upo kila siku, hauhitaji kununuliwa, na uso wa mwalimu uko sentimita 30 kutoka kwa mwanafunzi. Unapompaka mafuta ni hivyo hivyo. Vidole vyako vinapita kwenye paji la uso, nyusi, kope, mashavu, nyuma ya sikio. Mama wa Kibondo amekuwa akilifundisha somo hili miaka yote bila kuliita somo. Kilichopungua pengine ni kulitamka kwa sauti.

Je, wajua mtoto wa Kasulu anatazama mdomo wako kuliko unavyodhani? Utafiti wa David Lewkowicz na Amy Hansen-Tift wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mtoto wa miezi 4 hutazama zaidi macho ya anayezungumza, lakini akifika miezi 8 anahamia mdomoni, maana ndipo maneno yanapotengenezwa. Mwaka 2015 watafiti wa Hispania wakaongeza jambo linalotuhusu sana: watoto wanaolelewa kwa lugha mbili huutazama mdomo zaidi ya wenzao wa lugha moja. Sasa fikiria nyumba ya Kasulu, bibi anasema Kiha, kaka aliyetoka shule anasema Kiswahili. Fikiria Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikapokea Warundi, au Nduta ya Kibondo iliyofunguliwa upya mwaka 2015, ambako mtoto husikia Kirundi hapa na Kiswahili pale. Mtoto huyo ana kazi mara mbili, na midomo yetu ndiyo inayomsaidia kuifanya. Mgeuzie uso unaposema naye, usimwongeleshe ukiwa umempa kisogo.

Je, wajua kwamba uso wa Muha na uso wa Mswahili una majina ya ukoo mmoja? Macho kwa Kiha ni amaso, meno ni amenyo. Ukiyasikia unajua ni ndugu. Lakini sikio limeachana njia. Kiswahili kimelitoa kwenye kitenzi kusikia, huku Kiha, pamoja na jirani yake Kirundi, kikibaki na mzizi wa kale wa Kibantu katika neno amatwi. Warundi wakitaka kuutaja uso husema "mu maso", yaani machoni. Mfundishe mtoto majina ya pande zote mbili. Hachanganyikiwi. Mtoto anayejua kwamba amatwi na masikio ni kitu kimoja amejifunza viungo na amejifunza lugha kwa pigo moja.

Kiswahili chenyewe kina majina ya uso na kichwa ambayo watu wazima tunaanza kuyasahau: mboni, ukope, mwanzi wa pua, ndewe, taya, utosi, kisogo, ndita. Mtoto wa miaka 3 anayapenda sana maneno hayo kwa mlio wake. Mpe "ndewe" uone atakavyoishika ncha ya sikio lake siku nzima.

Je, wajua kwamba barabara yenu inaweza kuwa mchezo? Kidole chako ni basi. Kinaondoka Kigoma, nayo ni kidevu. Kinapanda taratibu hadi Kasulu, nao ni mdomo, hapo basi linasimama, abiria anacheka. Linapanda mlima hadi Kibondo, juu ya pua. Linapita Kakonko katikati ya nyusi, na linamaliza safari Nyakanazi, utosini. Kila kituo kitajwe mara mbili, kwa jina la mji na kwa jina la kiungo. Safari ya kurudi mwachie mtoto aendeshe basi kwenye uso wako. Hapo ndipo utakapojua amejifunza nini, maana mtoto huanza kukionyesha kiungo chake au cha mwenzake muda mrefu kabla hajakitaja kwa mdomo.

Umri je? Watoto wengi wa miezi 18 wanaweza kukionyesha kiungo kimoja wakiulizwa, na wakifika miaka 2 wanaonyesha viwili au zaidi. Macho, pua na mdomo huwa vya mapema. Nyusi, kidevu na paji la uso huchelewa, na si kosa la mtu.

Je, wajua kwamba mkoa wenu ndio uliowafundisha wanasayansi kuangalia nyuso? Tarehe 14 Julai 1960 mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Wataalamu wa wakati ule walizoea kuwapa wanyama namba. Yeye aliwapa sokwe majina, kwa sababu aliona kila mmoja ana uso wake. David Greybeard alipata jina lake kutokana na ndevu zake za mvi. Flo alijulikana kwa pua yake nene na masikio yaliyochanika. Goodall alikosolewa kwa kufanya hivyo, akaendelea, na utafiti wa Gombe ukadumu kwa miongo zaidi ya sita. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Alichokifanya ndicho kile tunachomfundisha mtoto: tazama pua, tazama masikio, tazama kidevu, kisha sema huyu ni nani.

Na hapa kuna ajabu zaidi. Mwaka 2002 Pascalis huyo huyo na wenzake walionyesha kwamba mtoto wa miezi 6 anaweza kutofautisha sura za nyani wawili asiowajua. Mtoto wa miezi 9 hawezi tena, na mtu mzima naye hawezi. Ubongo unajichonga kulingana na nyuso zinazouzunguka, na zisizoonekana unaziacha. Kisha mwaka 2009 Lisa Scott na Alexandra Monesson wakawapa wazazi vitabu vya picha za nyani wawaonyeshe watoto kuanzia miezi 6 hadi 9. Watoto walioambiwa jina la kila nyani walibaki na uwezo wao. Walioambiwa "nyani" kwa kila picha waliupoteza.

Jina ndilo lililoleta tofauti. Ukimwonyesha mtoto picha za ukoo, usiseme tu "watu hawa". Sema huyu ni babu wa Heru Juu, huyu ni shangazi, huyu ni mjomba aliyeko Mwanza. Babu ana mvi za kidevuni. Shangazi ana mwanya. Mjomba ana dimpozi. Picha nne au tano zilizobandikwa ukutani, usawa wa macho ya mtoto, zinatosha mwaka mzima. Kwa mtoto wa kambini ambaye ndugu zake wamebaki upande wa pili wa mpaka, picha moja yenye jina ina uzito ambao sisi wengine hatuwezi kuupima.

Je, wajua kwamba uso wa baba nao una somo lake? Mwaka 2002 Paul Quinn na wenzake waliona kwamba watoto wa miezi 3 hadi 4 wanaolelewa zaidi na mama hupendelea kutazama nyuso za wanawake. Wale wachache waliokuwa wakilelewa zaidi na baba walipendelea za wanaume. Mtoto hupenda uso anaouona. Baba unayerudi jioni, kaa chini, mwache ashike ndevu zako, avute sikio, achunguze pua. Dakika 15 kabla ya chakula zinatosha kuanza nazo, na huna haja ya kujua mchezo wowote.

Je, wajua kwamba kitenge ni kifaa cha kufundishia? Jifunike uso, nyamaza kidogo, funua. Mchezo huu unachezwa kwa lugha nyingi sana duniani. Mtoto wa karibu miezi 8 anaanza kuelewa kwamba kilichofichwa bado kipo, ndiyo maana anacheka kwa kishindo uso unaporudi. Akifikisha mwaka mmoja na nusu, mwongezee ugumu. Funika nusu ya juu ya uso na umuulize kilichobaki ni nini. Funika mdomo tu na uchekeshe macho.

Je, wajua mtoto husoma uso wako kabla hajachukua hatua? Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo kinene, iliyotengenezwa ionekane kama ina shimo katikati. Mama alisimama upande wa pili. Mama alipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuna hata mmoja aliyevuka. Hawakuambiwa neno. Katika nyumba yenye mafiga matatu na sufuria ya maharage inayochemka, hilo ni jambo la uhai. Mdomo wako ukisema "hapana" huku uso wako unacheka kwa sababu mtoto ni mrembo, umempa habari mbili zinazopingana.

Kwa hiyo fanya mchezo wa nyuso. Uso wa furaha, uso wa huzuni, uso wa hasira, uso wa mshangao. Utengeneze wewe, yeye aige, kisha mbadilishane. Taja kilichobadilika: nyusi zimepanda, mdomo umefumbwa, ndita zimekunjwa. Mtoto wa miaka 2 au 3 anayeweza kusema "bibi amekunja uso" ameshapata maneno ya kusema kwamba naye ana hasira, na hilo hupunguza kujigaragaza sakafuni.

Je, wajua kuhusu jaribio la kioo, na watoto wa Kenya? Tangu mwaka 1972, Beulah Amsterdam alipochapisha utafiti wake, wataalamu humpaka mtoto doa la rangi puani bila yeye kujua na kumweka mbele ya kioo. Akigusa pua yake mwenyewe, husemwa anajitambua. Watoto wa Marekani na Ulaya wengi hufanya hivyo wakikaribia miaka 2. Mwaka 2011 Tanya Broesch na wenzake walichapisha matokeo ya nchi kadhaa. Nchini Kenya, kati ya watoto 82 wenye umri wa miezi 18 hadi miaka 6, wawili tu ndio "walifaulu".

Je, watoto wa Kenya hawajijui? Hapana, na watafiti wenyewe walikataa kusema hivyo. Watoto wengi waliganda mbele ya kioo, wakajitazama kimya, kama anayengoja mkubwa amwambie lifanyike nini na doa hilo. Mtoto aliyelelewa kuangalia wakubwa kwanza kabla ya kujigusagusa mbele ya mgeni ameonyesha malezi yake. Kipimo kilikuwa na upungufu, siyo mtoto. Mlezi wa kituo cha watoto Kibondo au Kasulu anayetumia kitini kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa mbali na hapa, alikumbuke hili kabla hajaandika kwenye daftari kwamba mtoto amechelewa.

Kioo chenyewe ni kizuri, kitumie. Keti pamoja na mtoto mbele yake, jipake wewe kwanza unga wa muhogo puani, ucheke. Kisha mwombe akupake, kisha mpake yeye. Akikuona umeanza, ataliona ni jambo linaloruhusiwa. Kioo kiwe kikubwa na kilichofungwa vizuri ukutani. Kipande kilichovunjika si cha mtoto.

Vifaa vingine viko shambani na jikoni. Weka ungo chini: huo ni uso. Kokwa mbili za parachichi ni macho, gunzi la mahindi ni pua, ganda la ndizi ni mdomo, majani ya mgomba yaliyochanwa ni nywele. Ganda la ndizi ukiligeuza, uso unanuna. Ukiligeuza tena, unacheka. Udongo wa mfinyanzi nao ni mzuri, maana mtoto anausikia uso kwa vidole. Mwaga maji kidogo kwenye udongo mwekundu wa uani, mpe kijiti, achore.

Lakini punje za maharage, mahindi na karanga ziweke mbali. Mtoto wa umri huu akishajua pua ina matundu, anataka kuyajaribu. Harage likiingia puani au sikioni na likapata unyevu huvimba, na kulitoa si kazi ya kijiti wala pini ya nywele. Ni kazi ya zahanati.

Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka 3 au 4 anachora mtu mwenye kichwa na miguu, bila tumbo? Anatengeneza duara, macho, mdomo, kisha mistari miwili inayoshuka moja kwa moja kutoka kichwani. Michoro ya namna hiyo inafanana na kiluwiluwi, na inaonekana kwa watoto wa nchi nyingi. Usimsahihishe. Kwake mtu ni uso kwanza, vingine vitafuata.

Je, wajua kwamba ubongo wa mtoto unaweza kuzoeshwa nyuso za rangi zote? Mwaka 2006 Yair Bar-Haim na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 3. Waliokuwa wakilelewa Ethiopia walipendelea nyuso za Kiafrika. Watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa Israeli, wanaoona nyuso nyeusi na nyeupe kila siku, hawakuonyesha upendeleo. Kasulu ina sababu ya kulisikiliza hili. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipotikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, Kabanga ya Kasulu ilikuwa miongoni mwa mahali palipopokea watoto waliokimbizwa kutoka makwao. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Mtoto wa miaka 2 akiuliza kwa nini nyusi za fulani ni nyeupe, au kwa nini macho yake yanachezacheza, mjibu kama unavyomjibu kuhusu dimpozi za mjomba: ngozi yake na nywele zake hazina rangi ile inayotukinga na jua, na jina lake ni hili. Ukinong'ona na kumvuta mkono, umemfundisha hofu.

Vivyo hivyo mdomo wa sungura. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hakulaaniwa na mtu, na mara nyingi mdomo huo unaweza kushonwa kuanzia akiwa na miezi 3 hivi, uzito ukiruhusu. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji huo.

Je, wajua meno ya utotoni ni 20, na kwa kawaida hukamilika mtoto akikaribia miaka 3? Yahesabuni pamoja wakati wa kupiga mswaki. Ila yapo "meno" ambayo mtoto hana: yale yanayoitwa meno ya nailoni au ya plastiki. Uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa au kuhara ni jino la kawaida linalokua. Kuling'oa huleta damu nyingi, maambukizi, na huharibu jino la ukubwani linalongoja chini yake. Kukata kimeo nako ni hatari ya aina hiyo hiyo. Kuhara kunatibiwa kwa ORS na zinki.

Na wanja unaochorwa kwenye nyusi za kichanga? Baadhi ya wanja una madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Nyusi zake zinapendeza bila kuchorwa.

Je, wajua mchezo wa macho unaweza kukuonyesha ugonjwa mapema? Mtoto anayepita miezi 18 bila kuonyesha kitu kwa kidole, asiyegeuka akiitwa jina na asiyetazama uso wa anayecheza naye, apelekwe kliniki aangaliwe masikio na aangaliwe kama ana usonji. Hili ni tofauti na adabu ya kuinamisha macho mbele ya mkubwa wakati wa kusalimia. Mwangalie anapocheza na mama yake, ambako hana sababu ya aibu. Matone ya vitamini A, yanayotolewa kila Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, nayo ni kwa ajili ya macho hayo hayo, usiyakose.

La mwisho, na ninaomba lisomwe polepole. Mboni ya jicho la mtoto ni nyeusi, na kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi inaweza kuonekana nyekundu. Ikionekana nyeupe, inayong'aa kama jicho la paka usiku, inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, mara nyingi mtoto hupona. Ikichelewa, hupoteza jicho au uhai. Usiku huu, ukimaliza safari ya basi kutoka Kigoma hadi Nyakanazi, mtazame mwanao machoni, jicho moja kisha la pili. Ukiona weupe ndani ya mboni, nenda kituo cha afya kesho asubuhi ukaombe rufaa ya daktari wa macho. Usingoje siku ya kliniki.